Hirizi za Elden Ring: tuache kuvaa kwa kuambiwa, tuvae kwa kupima

FundiAggrey

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie akiwa na nafasi.

Jumamosi iliyopita baada ya kufunga kazi nilipitia kibanda cha gemu Sinza. Kina televisheni sita: tano za mpira, na ile ya kona ndiyo wanayotuachia sisi wa mapanga na majoka. Nikamkuta kijana anapigana na Margit, yule bosi wa mlangoni kwa Stormveil. Kila akifa anafungua begi, anavua hirizi, anavaa nyingine, anarudi, anakufa palepale. Nikamuuliza, mdogo wangu, hiyo umeivaa kwa nini? Akasema, "Nimeambiwa ndiyo bora."

Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Simu ikiletwa haichaji sianzi kwa kubadilisha betri kwa sababu jirani yangu kasema betri ndizo zinazokufa. Nachukua mita, nagusa, nasoma umeme unaishia wapi. Kwenye gemu hii watu wengi hawapimi. Wanasikia hirizi fulani ni kali, wanahangaika nusu siku kuitafuta, wanaivaa mpaka mwisho wa gemu bila kujua kama imewahi kuwasaidia hata sekunde moja.

Kwa wageni: kinachoitwa talisman kwenye gemu nakiita hirizi, maana ndicho. Majina yake nayaacha kama yalivyoandikwa ndani ya gemu ili ukitafuta uyapate. Unaanza na nafasi moja tu ya kuvaa. Nyingine tatu zinakuja kwa mifuko: mmoja kwa Margit mwenyewe, mmoja anakupa bibi Enia pale Roundtable Hold, makao ya wachezaji, ukishapata Great Rune mbili (tuzo za mabosi wakubwa), na mmoja unaupata ukimpiga Godfrey wa kivuli cha dhahabu ndani ya Leyndell. Nne, basi. Hakuna ya tano. Na hirizi za ukoo mmoja hazivaliwi pamoja, yaani huwezi kuvaa Dragoncrest ya kawaida pamoja na ile ya +1.

Sasa turudi kwa kijana. Alikuwa na Crimson Amber Medallion, ile ya kuongeza damu, kaichagua mwanzoni kabisa wakati wa kutengeneza mtu wake. Inaongeza asilimia 6. Ukisikia asilimia 6 unaona si haba. Lakini asilimia 6 ya nini? Mtu mwenye Vigor 25 (Vigor ndiyo levo ya damu) ana damu 800. Asilimia 6 yake ni 48. Margit akikushushia fimbo ile, 48 ni sawa na kuongeza kijiko cha maji kwenye ndoo inayovuja. Hirizi hiyo inamfaa zaidi mtu wa mwisho wa gemu: mwenye Vigor 60 ana 1,900, na akivaa ile ya +2 yenye asilimia 8 anaongezewa 152. Sasa 152 unaweza kubaki nayo hai.

Nikakaa pembeni yake, nikawa siangalii Margit, naangalia mistari mitatu ya juu kushoto. Ule wa kijani ndio ulionipa jibu. Kijana anapiga upanga mara nne, mstari wa kijani umekwisha kabisa, Margit ananyanyua fimbo, anaishikilia juu kama anayemvizia nzi, kijana anabonyeza kukwepa na mtu wake hajibiringishi. Amesimama. Fimbo inashuka. Nilihesabu vifo vitano. Vinne vilikuwa vya namna hiyohiyo. Huyu hakuwa anakufa kwa kukosa damu, alikuwa anakufa kwa kukosa pumzi.

Tukapanda farasi mpaka Summonwater Village. Nje kidogo ya kijiji kuna ngazi za kushuka chini zilizozibwa na ukungu, na pembeni sanamu ya shetani mdogo. Unachomeka Stonesword Key moja, ukungu unaondoka, ndani kuna Green Turtle Talisman. Kobe huyu harushi moto wala haongezi nguvu za upanga. Kazi yake ni kurudisha pumzi haraka. Kwa kawaida pumzi inarudi 45 kwa sekunde, ukimvaa kobe inakuwa 53. Ni karibu asilimia 18, na inafanya kazi muda wote, haina masharti. Kijana akarudi kwa Margit na kobe, nikamwambia pia apige mara mbili tu halafu aachie. Sitadanganya kwamba kobe peke yake ndiye aliyefanya kazi. Lakini sura yote ya mapambano ilibadilika. Tukiwa tumemfikisha Margit robo ya damu, umeme ukakatika mtaa mzima. Gemu inajihifadhi yenyewe, kwa hiyo hakupoteza kobe, ila pambano lilienda na maji. Nilimwacha pale anasubiri umeme urudi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza hirizi ipi ni bora, kufa mara tano ukiwa unatazama. Andika kwenye simu: nimekufa kwa nini? Pumzi imeisha? Nimepigwa mara moja damu yote ikaondoka? Nilikuwa mzito nikachelewa kukwepa? Au nilikwepa vizuri kabisa ila pambano limekuwa refu mpaka nimechoka nikakosea? Hayo ni magonjwa manne na kila moja lina dawa yake.

Jambo la pili ni masharti, na hapa ndipo nguvu nyingi zinapopotea. Hirizi ikisema inaongeza asilimia 10, uliza inaongeza lini. Ritual Sword Talisman, iliyo kwenye sanduku chini ya Lux Ruins kule Altus, inaongeza asilimia 10 ya nguvu za pigo, lakini damu yako iwe imejaa. Ukigongwa kidogo tu, ukachubuka, imezima. Kwa mtu anayepiga upinde kutoka mbali, au anayempiga adui wa kawaida kabla hajageuka, ni hirizi ya dhahabu. Kwa mtu anayekwenda kwa Malenia, bosi mgumu kupita wengi, nisikilize vizuri: yule mwanamke anakupiga mara nyingi na kwa haraka, na kila akikugusa anajirudishia damu hata ukikinga kwa ngao. Hirizi yako itawaka sekunde kumi za mwanzo, halafu utabaki umebeba mapambo.

Kupima mwenyewe ni rahisi. Kuna yale majitu ya Stormhill. Lisogelee moja, lipige pigo moja tu, na usome namba inayotokea juu ya mstari wake wa damu. Ngoja namba ipotee kabisa ndipo upige tena, kwa sababu ukipiga mfululizo zinajumlishwa na utasoma uongo. Kapumzike kwenye Grace, jitu linafufuka, vaa hirizi nyingine, rudia pigo lilelile. Nusu saa tu unajua ukweli wako, kwa silaha yako, bila kumaliza bando kuangalia video za watu.

Karibuni tujadili. Nani anavaa nini, na kwa nini?

Nyundo_Mbili

Mkuu FundiAggrey, nimesoma neno kwa neno, na heshima yako. Ila napinga kidogo. Mimi natumia mapanga makubwa mawili, moja kila mkono, na pigo langu ni moja: naruka napiga. Hirizi yangu ni Claw Talisman, ipo juu ya mapaa ya Stormveil, unaipata mapema kabisa. Inaongeza asilimia 15 kwenye pigo la kuruka. Kifuani navaa Raptor's Black Feathers, yale manyoya meusi ya Sage's Cave, nayo yanaongeza asilimia 10 kwenye pigo hilohilo. Zinazidishana: pigo la 1,000 linakuwa 1,265. Adui anakufa kabla hajanionyesha mbinu zake za pili. Dawa ya magonjwa yote manne ni adui kufa mapema.

Wewe unasema masharti ni mabaya. Hirizi yangu ina sharti na sijawahi kuona hasara yake.

FundiAggrey

Nyundo_Mbili, hapo umenisaidia kusema kitu ambacho sikukiweka sawa. Masharti yako ya namna mbili. Kuna sharti ambalo funguo zake unazo wewe, na kuna sharti ambalo funguo zake anazo adui. Kuruka ni uamuzi wako, hakuna bosi anayeweza kukukataza, kwa hiyo asilimia 15 yako unaipata pigo kwa pigo. Vilevile Axe Talisman iliyoko chini ya Mistwood Ruins, asilimia 10 kwa pigo la kushikilia kitufe: ukishikilia umepata. (Mwenye kwenda kuichukua apite taratibu, dubu wa pale hana mzaha.) Lakini damu kujaa si uamuzi wako peke yako.

Na zipo za katikati. Winged Sword Insignia inapanda kwa kadiri unavyopiga mfululizo: asilimia 3, kisha 5, kisha 10. Ndugu yake, Rotten Winged Sword Insignia, ni 6, 8, 13. Mwenye visu viwili au mapanga mepesi anafika ngazi ya juu mara moja. Wewe na mapanga yako mazito, pigo moja, unatua, unakwepa, unaruka tena: utazunguka kwenye ngazi za chini siku nzima. Hirizi ileile, asilimia zilezile kwenye maandishi, kwa mtu mmoja ni almasi na kwa mwingine ni kokoto.

Mzee_wa_Ilala

Nimepita hapa kwa jina tu la hirizi, nikajikuta nimesoma yote. Vijana, hirizi ya kwetu ni kitu kilichoshonwa ndani ya ngozi au kitambaa, kinafungwa mkononi au shingoni. Marehemu bibi yangu alikuwa akimuuliza mtu kwanza, "Unaogopa nini?" ndipo anaendelea na mengine. Naona mleta mada anauliza swali hilohilo. Mjukuu wangu anacheza gemu hii, nitampelekea.

Mama_Wawili_Kimara

Habari zenu wakuu. Mimi nacheza usiku wanangu wakishalala, sauti chini. Nipo kwa Fire Giant, lile jitu la moto kule kwenye theluji, wiki ya pili sasa. Navaa Radagon's Soreseal tangu nilipoiokota Fort Faroth mwanzoni kabisa, Erdtree's Favor, kobe kama wewe, na Warrior Jar Shard. Nilipokuwa mdogo wa levo ile Soreseal ilinibeba sana, levo 20 za bure: Vigor 5, Endurance 5, Strength 5, Dexterity 5. Kuna mtu kaniambia juzi kwamba inaongeza madhara ninayopigwa. Kweli? Nimecheza na hiki kitu toka Caelid na sijawahi kuona hayo maandishi yakinieleza kiasi gani.

FundiAggrey

Dada, ni kweli, na ni asilimia 15. Maandishi ya gemu yanasema madhara yanaongezeka lakini hayatoi namba, ndiyo maana watu wengi wanapita nayo. Ile ndogo yake, Scarseal, inatoa 3 badala ya 5 na adhabu yake ni asilimia 10.

Hukukosea kuivaa mwanzoni. Mtu wa levo 30 akipewa levo 20 bure, hilo ni nusu ya mwili wake. Maadui wa mwanzo mapigo yao ni madogo, na asilimia 15 ya kidogo ni kidogo. Lakini levo zinaongezeka, zile 5 zinabaki 5, na mapigo ya adui yanakuwa makubwa. Faida inasinyaa, adhabu inanenepa. Kuna mahali zinapishana, na wewe umeshapita hapo zamani.

Kuna wanaosema vaa Soreseal halafu ifunike na Dragoncrest Greatshield Talisman. Tupige hesabu. Greatshield inakata asilimia 20. Pigo la 1,000 na Soreseal linakuwa 1,150, ukikata asilimia 20 linabaki 920. Inaonekana umeshinda. Shida ni mbili. Ya kwanza, umetumia nafasi mbili kati ya nne ili upate punguzo la 80. Ya pili ndiyo inayokuua wewe: Dragoncrest inakata mapigo ya chuma na mwili tu. Haikati moto. Soreseal haichagui, inaongeza kila kitu, moto, umeme, uchawi. Kwa hiyo moto wa jitu lako wa 1,000 unafika 1,150 wote, hata ungevaa Dragoncrest ya mfalme.

Ushauri wangu: vua Soreseal, weka Flamedrake Talisman. Ya kawaida inatoka Groveside Cave kulekule Limgrave, lakini nenda moja kwa moja Dragonbarrow Cave, wale wanyama wawili wa mle ndani wakifa wanaacha ya +2. Inakata moto asilimia 20. Moto wa 1,000 uliokuwa unakuchoma 1,150 utakuchoma 800. Ni tofauti ya 350 kwa kila pigo la moto. Mwenye Vigor 40 ana damu 1,450, kwa hiyo tunazungumzia karibu robo ya mwili.

Warrior Jar Shard ukae nayo kama silaha yako inategemea mbinu maalumu, ile ya kutumia mstari wa bluu. Inaongeza asilimia 10 kwenye mbinu na funguo zake unazo wewe.

Nyundo_Mbili

Naomba niongeze kwa wanaopita: Alexander, yule mtungi mwenye miguu, msimuue mapema. Nilimwua pale aliponasa shimoni nikapata Warrior Jar Shard, asilimia 10. Ukimsaidia, ukamfuata Redmane Castle, Liurnia, Mt. Gelmir, mpaka Farum Azula anakokuomba mwenyewe mpigane, ndipo unapata Shard of Alexander, ya asilimia 15. Na safari nzima unakuwa na rafiki.

Hilohilo kwa Millicent. Ukimsaidia dhidi ya dada zake unapata Rotten Winged Sword Insignia. Ukimgeuka unapata Millicent's Prosthesis, ambayo ni 4, 6, 11 na Dexterity 5 juu yake. Mimi nilimsaidia, na ningemsaidia tena hata kama ile ya pili ingekuwa mara mbili.

Mchawi_Kigamboni

Wachawi mmetusahau. Nipo kwenye pantoni naandika haraka.

Radagon Icon, ndani ya chuo cha Raya Lucaria, iwe ya kwanza. Haiongezi nguvu, inafupisha muda wa kuroga, na muda ndio unaotuua sisi. Ya pili Magic Scorpion Charm: unaipata kwa Seluvis ukimpelekea Amber Starlight. Asilimia 12 ya uchawi, lakini chuma kinakuumiza zaidi, kinga yako inashuka asilimia 10. Ya tatu Graven-Mass Talisman, asilimia 8, juu ya Albinauric Rise, mbali sana, huko kwenye theluji. Nge na Graven-Mass pamoja zinazidishana, roga ya 1,000 inakuwa kama 1,210.

Niseme tofauti kidogo na FundiAggrey. Kwa mchawi, vifo vitano haviwezi kukupa jibu sahihi kama wewe mwenyewe unasimama pabaya. Nilikuwa nalaumu damu ndogo. Siku moja nikarekodi pambano kwa simu, nikakuta kila kifo nilikuwa nimesimama mbali kwa urefu wa mkuki mmoja tu. Nilirudi hatua sita nyuma, nikaondoa hirizi ya damu nikaweka nge.

FundiAggrey

Mchawi, nakubali, na kurekodi kwa simu ni bora kuliko kutegemea kumbukumbu. Mtu akifa kwa hasira anakumbuka vibaya.

Umenikumbusha na jambo la uzito, maana watu wengi wamesimama pabaya kwa sababu wamechelewa kuondoka. Uzito wa vitu ulivyovaa ukiwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wako, unabiringika mwepesi. Kuanzia 30 mpaka 70 ni wastani. Ukipita 70 unabiringika kama gunia la mkaa lililodondoka kwenye pikipiki. Hapa ndipo Great-Jar's Arsenal inapopata heshima yake: inaongeza uwezo wa kubeba asilimia 19, unaipata kwa yule mtungi mkubwa wa Caelid ukiwashinda wapiganaji wake watatu. Haimdhuru adui hata kidogo. Lakini kama wewe uko asilimia 75, hirizi hiyo ndiyo inayokutoa kwenye ugunia, na kukwepa kumoja kulikofanikiwa kuna thamani kuliko asilimia yoyote.

Kama uko asilimia 50, usiivae, haina kazi kwako. Ukitoka 50 ukashuka 42 hakuna kinachobadilika kwenye kubiringika.

Mama_Wawili_Kimara

Nimerudi. Nimepata Flamedrake ya +2, wale wanyama wawili wamenisumbua lakini wamekufa. Nikavua Soreseal kama ulivyosema, nikaenda kwa jitu, na kitu cha kwanza kilichotokea nikashindwa kukwepa theluji anayoichota kwa mkono. Mtu wangu alianguka chini puu, akanyanyuka polepole. Sikuelewa. Kumbe Soreseal ilikuwa inanipa Endurance 5, nilipoivua uwezo wa kubeba ukashuka, nimefika asilimia 73 bila kujua. Nimekaa nimeangalia skrini ya vifaa dakika kumi nzima ndipo nikaona neno limebadilika.

Wale mnaovua Soreseal, angalieni uzito wenu kabla ya kuingia kwa bosi. Na angalieni silaha pia, kama Strength yako ilikuwa inatimia kwa msaada wake tu.

FundiAggrey

Dada, samahani sana, hilo nilipaswa kukuambia. Ndiyo, Soreseal imeshika kona nne za nyumba, ukiitoa lazima ukague zote nne. Kwa silaha, kumbuka ukiishika kwa mikono miwili Strength yako inahesabiwa mara moja na nusu, hivyo inaweza kutimia hata bila hirizi. Kwa uzito, una Erdtree's Favor tayari, hiyo nayo inaongeza kubeba. Kama ni ya kawaida inaongeza asilimia 5. Ile ya +2 ni asilimia 8. Au badilisha kofia tu, mara nyingi kofia nzito inakinga kidogo kuliko inavyokula uzito.

Kijana_wa_Kona

Shikamoo kaka FundiAggrey. Mimi ndiye yule wa Sinza. Umeme ulirudi saa tatu usiku. Margit nilimpiga mara ya nne baada ya kuondoka kwako, kobe mkononi. Mwenye kibanda aliniongezea nusu saa bure kwa sababu na yeye alitaka kuona.

Nimepata mfuko. Sasa nina nafasi mbili, na kobe simtoi. Ya pili niweke nini? Natumia upanga mmoja mrefu, mikono miwili, na ngao nimeacha. Nimekufa mara tano ndani ya Stormveil kama ulivyosema nikaandika kwenye simu. Mara tatu nimerushwa chini na upepo au nimeanguka mwenyewe kwenye mapaa. Mara moja mishale. Mara moja yule mtu mwenye mikono mingi, sikumfikia hata karibu.

FundiAggrey

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kumpiga Margit wangu.

Kwa vifo vitatu vya kwanza hakuna hirizi ya kuvaa. Kuna Longtail Cat Talisman kule Raya Lucaria inayofuta maumivu ya kuanguka, lakini ukianguka mahali pa kufa unakufa tu. Tembea, usikimbie juu ya mapaa. Ukiwa hukohuko juu, tafuta Claw Talisman ya Nyundo_Mbili, ipo kwenye ngome uliyomo. Upanga wa mikono miwili na pigo la kuruka vinapendana, na hutakiwi kwenda popote.

Kisha ukafe mara tano kwa Godrick, yule wa mikono mingi, ukiwa na kobe na kucha (hiyo Claw). Uniandikie hapa umekufaje.

Kijana_wa_Kona

Sawa kaka. Kesho nina saa mbili.

Mama_Wawili_Kimara

Wakuu, saa saba kasoro usiku huu. Nimevaa Flamedrake, kobe, Erdtree's Favor, Shard. Kofia nimevua, nipo asilimia 68. Kwenye awamu ya pili jitu likatema ule moto wa duara ambao siku zote unanimaliza. Ukanipiga wote. Damu ikashuka, ikashuka, ikasimama, imebaki kipande kama ukucha. Nikanywa. Nikanywa tena. Nikaenda kwenye mkono wake wa kushoto nikapiga mpaka akalala.

Sikupiga kelele kwa sababu watoto wamelala, nimekaa tu nimeshika padi kifuani.